Bunia: SARL inaweza kulinda parseli ya mfanyabiashara, lakini si kwa karatasi peke yake

Kwenye vibao vya maduka na depo za Bunia, kuanzia Boulevard de la Libération hadi pembezoni mwa soko kuu, kuna herufi tatu zinazojirudia: "Ets". Ni kifupi cha établissement, yaani biashara ya mtu mmoja anayefanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Herufi nne za SARL, yaani kampuni ambayo wenye nayo wanawajibika kwa kiasi walichoweka tu, hazionekani sana.

Tofauti hiyo si ya kupamba kibao. Mwenye "Ets" akishindwa kulipa deni, mdai anaweza kufuata mali yake yote: bidhaa za dukani, gari, hata parseli ambamo watoto wake wanalala. Katika SARL, kwa kanuni, mdai anaishia kwenye mali ya kampuni. Katika mji ambao umepokea familia nyingi zilizokimbia vijiji vya Djugu, Mahagi na Irumu tangu vurugu zilipoanza tena Desemba 2017, parseli ni akiba ya mwisho. Duka linaweza kufunguliwa upya. Parseli ikiuzwa na mahakama, mara nyingi hairudi.

Je, mfanyabiashara mdogo wa Bunia afungue SARL? Kwa anayekopa, anayeshirikiana na wengine au anayetafuta mikataba mikubwa, jibu ni ndiyo. Lakini kinga hiyo ni nyepesi kuliko wengi wanavyofikiri. Mwenyewe anaweza kuivunja siku ya kwanza, kwa sahihi moja benki au kwa kutoa pesa ya kampuni kwenye sanduku na kulipia masomo ya mtoto.

Sheria ilibadilika, vibao vikabaki

Kabla ya mwaka 2012, Congo ilikuwa na sheria zake za makampuni, nyingine zikitoka wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Kampuni ndogo ya familia iliitwa SPRL. Jina SARL lilikuwepo, lakini lilimaanisha kitu kingine: kampuni kubwa ya hisa, ambayo leo inaitwa SA. Ndiyo maana hata leo wazee wa biashara wanaposikia SARL wanafikiria matajiri wa Kinshasa na Lubumbashi.

Tarehe 12 Septemba 2012 sheria za OHADA zilianza kutumika nchini. OHADA ni muungano wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na nyingi kati yake zinatumia Kifaransa. SPRL za zamani zilipewa miaka miwili kugeuka SARL. Sheria ya makampuni ilirekebishwa Januari 2014, na mwisho wa mwaka huo wizara za Sheria na Fedha zikalegeza masharti mawili yaliyokuwa yakiwazuia wadogo. Mtaji wa SARL ukaachwa kwa wenye kampuni wenyewe waupange katika kanuni zao, badala ya kulazimishwa kiwango cha chini cha OHADA cha franka milioni moja za CFA. Tena kanuni za kampuni, zile zinazoitwa statuts, zikaruhusiwa kuandikwa bila kupitia kwa mthibitishaji wa serikali, yaani notaire.

Jambo lingine ambalo halijulikani vizuri ni kwamba SARL inaweza kuwa ya mtu mmoja. Mwenye duka hahitaji kutafuta binamu wa kuazima jina ili wawe wawili. Na anayekopesha jina lake "kwa kusaidia tu" anapaswa kujua kwamba kisheria yeye ni mshirika kamili, mwenye haki na mwenye wajibu.

Mwaka 2012 huohuo serikali iliunda Guichet Unique de Création d'Entreprise, ofisi ya kufungulia biashara mahali pamoja. Ilianza kazi Kinshasa mwaka 2013, kisha ikaanza kupelekwa mikoani. Matokeo yalionekana kwenye ripoti ya Benki ya Dunia ya Doing Business ya mwaka 2020: kwa wepesi wa kufungua biashara, Congo iliwekwa kati ya nchi 60 za kwanza. Lakini kwa mazingira yote ya biashara ilikuwa ya 183 kati ya nchi 190, na kwa kulipa kodi na kutekeleza mikataba ilikaa karibu na mkia.

Ripoti hiyo ilipima Kinshasa tu, na Benki ya Dunia iliacha kuitoa mwaka 2021 baada ya kugundua kasoro katika takwimu za nchi kadhaa. Hata hivyo picha yake ni ile wanayoijua wafanyabiashara wa Ituri: mlango wa kuingilia umepanuliwa, lakini ndani ya nyumba bado ni shida.

Makaratasi yanapitia wapi

Kazi ya kwanza ni kuandika statuts: jina la kampuni, makao yake, kazi itakayofanya, mtaji, mgawanyo wa sehemu kati ya washirika, na gérant, yaani msimamizi. Gérant lazima awe mtu, si kampuni nyingine. Anaweza kuwa mshirika au mtu wa nje. Kama statuts hazisemi kitu, muda wake ni miaka minne, na anaweza kuongezewa.

Mtaji wa pesa unawekwa benki au kwa notaire. Angalau nusu inatakiwa ilipwe mwanzoni, na iliyobaki ndani ya miaka miwili. Baada ya hapo faili inapelekwa Guichet Unique. Mahali ambapo huduma hiyo haijafika, uandikishaji kwenye rejista ya biashara, yaani RCCM, unafanywa na karani wa mahakama ya biashara, na kama hakuna mahakama ya biashara, karani wa Tribunal de Grande Instance. Mfanyabiashara anatakiwa pia kupata namba ya kitambulisho cha taifa, Id. Nat., inayotolewa upande wa wizara ya Uchumi, na namba ya kodi kutoka DGI. Akiajiri watu anajiandikisha CNSS, INPP na ONEM.

Mtego wa kwanza uko hapa. SARL inazaliwa siku ya kuandikwa RCCM, si siku ya kusaini statuts wala siku ya kupaka rangi kibao. Anayepanga depo, anayechukua bidhaa kwa deni au anayesaini mkataba na shirika kabla ya siku hiyo anajifunga mwenyewe, isipokuwa kampuni ikishazaliwa iyachukue madeni hayo kwa utaratibu wa sheria. Haraka ya kuanza kazi inaweza kumwachia mtu deni la kibinafsi ambalo alifikiri ni la kampuni.

Mtego wa pili ni watu wa kati, wale wanaokaa karibu na ofisi na kuahidi "kusukuma dosie". Ada za serikali zinapangwa kwa maandishi na zinalipwa kwa risiti. Mfanyabiashara ana haki ya kuomba kuona orodha ya ada kabla ya kutoa hata franka moja. Pesa iliyotolewa pembeni haina ushahidi, na karatasi iliyopatikana kwa njia ya pembeni inaweza kukosekana kwenye rejista siku ya kesi.

Kinga inavuja wapi

Chukua mfano huu. Mfanyabiashara ameweka dola 5,000 katika biashara ya mabati na simenti. Anachukua bidhaa za dola 20,000 kwa deni kutoka Uganda kupitia Mahagi. Kamio linachomwa njiani. Kama ana "Ets", deni lote la dola 20,000 linamfuata yeye na mali yake. Kama ana SARL iliyosimama vizuri, mdai anachukua kilichobaki kwenye depo na kwenye akaunti ya kampuni. Mwenye kampuni anapoteza dola 5,000 zake. Parseli inabaki.

Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Katika maisha ya kila siku, kinga hiyo ina matundu manne.

Tundu la kwanza ni benki. Mwenye benki anajua sheria hiyo vizuri kuliko mteja. Kabla ya kukopesha SARL ndogo, mara nyingi anaomba gérant au mshirika asaini dhamana yake mwenyewe, inayoitwa caution. Kuanzia hapo, kwa deni hilo, SARL haimlindi tena: benki inaweza kumdai yeye kama vile hakuna kampuni. Sheria ya OHADA kuhusu dhamana, ya Desemba 2010, inataka anayesaini caution aandike kwa mkono wake kiasi cha juu anachodhamini, kwa maneno na kwa tarakimu. Asiyejua kuandika anasaidiwa na mashahidi wawili. Masharti hayo yapo ili mtu ajue anabeba mzigo gani. Anayepewa karatasi ya kusaini bila kiasi kuandikwa asimamishe kalamu.

Ni kweli pia kwamba wengi hawafiki hata kwenye hatua hiyo. Rehani ya nyumba inadai certificat d'enregistrement, wakati familia nyingi za Bunia zina fiche parcellaire tu. Kwa hao, mkopo unatoka kwa mtu binafsi au kwa muuzaji wa jumla, mara nyingi bila maandishi. Hapo ndipo swali "nani anadaiwa, wewe au kampuni?" linapoleta ugomvi. Kila karatasi ya deni inatakiwa iwe na jina la kampuni, neno SARL na namba ya RCCM. Ikibeba jina la mtu peke yake, hakimu atasoma jina la mtu.

Tundu la pili ni parseli yenyewe kuwekwa kama mtaji. Wengine, kwa kukosa pesa, wanaandika kwenye statuts kwamba wanaingiza nyumba au kiwanja. Kinachoingizwa kinakuwa mali ya kampuni, na mali ya kampuni ndiyo ya kwanza kukamatwa na wadai. Mtu aliyefungua SARL ili kulinda parseli anakuwa ameiweka mstari wa mbele. Ni afadhali mtaji mdogo wa pesa kuliko mtaji mkubwa wa nyumba.

Tundu la tatu ni sanduku la pesa. Katika "Ets", pesa ya duka ni pesa ya mwenye duka. Katika SARL si hivyo, hata kama yeye ndiye mshirika peke yake. Anayetoa pesa ya kampuni kulipia harusi, msiba au karo bila kuiandika anachanganya mali mbili. Gérant anayetumia mali ya kampuni kwa faida yake, akijua inaumiza kampuni, anaweza kushitakiwa kwa kosa la jinai la abus de biens sociaux. Na kampuni ikifilisika, sheria ya OHADA ya Septemba 2015 inampa hakimu nafasi ya kumlazimisha msimamizi aliyefanya makosa ya usimamizi azibe shimo kwa mali yake. Dawa yake ni rahisi kusema na ngumu kufanya: gérant ajipangie mshahara, aupokee kwa tarehe, na mahitaji ya nyumbani yatoke kwenye mshahara huo.

Tundu la nne ni muuzaji wa upande wa pili wa mpaka. Congo iko OHADA, Uganda haiko. Mwenzake wa Arua au Kampala anafuata sheria nyingine yenye asili ya Kiingereza. Bila mkataba unaosema mzozo utaamuliwa wapi na kwa sheria gani, mfanyabiashara wa Bunia anaweza kujikuta akijibu mbele ya mahakama asiyoijua. Kampuni za Uganda zinaandikishwa katika ofisi ya serikali ya Kampala inayoitwa URSB, na kabla ya kutuma pesa inafaa kuhakikisha kwamba mwenzake ameandikishwa kweli.

Barabara isiyotoa risiti

Wanaopinga SARL wana hoja moja nzito: ukijionyesha, unakuwa shabaha. Katika Ituri hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi, état de siège, tangu Mei 6, 2021. Kwenye RN27 kuelekea Mahagi na kwenye RN4 kupita Komanda, wasafirishaji wamekuwa wakilipa pesa kwenye vizuizi vingi. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimetaja mara nyingi makundi yenye silaha, hasa CODECO, yakitoza watu na magari katika Djugu, na watu wenye sare za serikali nao wametajwa.

Hapo SARL inakutana na shida ambayo waliotunga sheria hawakuifikiria. Kampuni inatozwa kodi kwa hesabu, na hesabu inataka karatasi. Pesa iliyotolewa kwenye kizuizi haina karatasi, kwa hiyo ofisi ya kodi haiwezi kuihesabu kama gharama. Kwenye daftari kampuni inaonekana imepata faida ambayo kwa kweli ilibaki barabarani. Kwa mpango wa kawaida wa kodi ya faida, hata kampuni inayosema imepata hasara imekuwa ikidaiwa kiasi cha chini cha 1% ya mauzo yake. Mfanyabiashara anaona analipa mara mbili: kwanza kwa bunduki, kisha kwa daftari. "Ets" ndogo inayolipa patente tu haihisi mgongano huo kwa uzito uleule.

Sheria ya kodi ilijaribu kuwahurumia wadogo. Mpango wa Februari 2013 uliangalia ukubwa wa mauzo: biashara yenye mauzo yasiyozidi franka milioni 10 za Congo kwa mwaka ililipa kiasi kimoja kisichobadilika, kutoka hapo hadi milioni 80, kodi ilikuwa 1% ya mauzo kwa wanaouza bidhaa na 2% kwa wanaotoa huduma. Kuanzia milioni 80 mtu aliingia kwenye TVA ya 16%. Tangu wakati huo kumepitishwa mageuzi, ikiwemo sheria ya Novemba 2023 kuhusu kodi ya makampuni. Anayefungua SARL leo aombe DGI imwambie kwa maandishi anawekwa kwenye mpango gani, kabla ya mwaka wa kwanza kumalizika.

Kwa wafanyakazi, hesabu ya CNSS ni wazi zaidi: mwajiri anatoa 13% ya mshahara na mfanyakazi 5%. Kwa duka lenye vijana watatu hiyo ni pesa ya kweli kila mwezi, na mwenye duka anapaswa kuiweka kwenye bei zake tangu mwanzo.

Faida iliyo wazi ni mikataba. Sheria ya Februari 8, 2017 inaweka kazi za sous-traitance, yaani zile ambazo kampuni kubwa zinawapa wengine, mikononi mwa biashara zenye mtaji wa Wakongomani. Jirani na Ituri, katika wilaya ya Watsa mkoani Haut-Uélé, kuna mgodi wa dhahabu wa Kibali. Mgodi wa namna hiyo unahitaji chakula, usafiri, nguo za kazi na matengenezo. Mashirika ya kiutu yaliyojaa Bunia nayo yananunua mahema, mafuta na huduma za magari. Wote hao wanaangalia kwanza makaratasi: RCCM, Id. Nat., namba ya kodi, akaunti ya benki yenye jina la biashara. "Ets" iliyo na makaratasi kamili inaweza kupata kazi ndogo. Lakini kwa kazi ya dola elfu nyingi, ambapo kuchelewa kunaweza kuleta fidia, ni hatari kubwa kuibeba kwa jina la mtu na nyumba yake.

Wamama wa biashara na warithi

Kuna kundi ambalo SARL inaweza kulisaidia zaidi kuliko wote: wanawake walioolewa. Kwa karibu miaka 30, Code de la famille ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga. Kwenye ofisi nyingi karatasi ya mume ilikuwa sehemu ya dosie. Sheria ya Julai 15, 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Badala yake inawataka wanandoa wote wawili wasikilizane kwa matendo yanayowafunga, mume kwa mke na mke kwa mume, na kama hawaelewani, anayeumizwa anakwenda mahakamani. Afisa anayemdai mama wa biashara barua ya mumewe leo anatumia sheria iliyokufa.

Mume na mke wanaweza pia kuwa washirika katika SARL moja. Hilo lina maana katika familia ambamo mke ndiye anayepanda hadi Ariwara au Kampala kununua, na mume ndiye jina lake limeandikwa kwenye kibao. Sehemu zikiandikwa kwa majina yao wote wawili, kazi ya mke inakuwa na karatasi.

Karatasi hiyo inaonekana thamani yake siku ya msiba. "Ets" inakufa na mwenyewe. Bidhaa zinaingia kwenye urithi, ndugu wa marehemu wanafika, na mara nyingi mjane anakuta duka limefungwa kwa kufuli mpya. SARL, kwa kanuni, haifi kwa kifo cha mshirika. Kinachorithiwa ni sehemu za marehemu, na statuts zinaweza kusema nani ataingia kama mshirika na nani atalipwa thamani yake. Kumuuzia mtu wa nje sehemu kunahitaji kibali cha washirika wengine. Familia inayoandika vifungu hivyo wakati wote wako hai inajiepusha na kesi ya miaka.

Nani afungue, nani asubiri

Si kila mtu anahitaji SARL. Mama anayeuza samaki wa Tchomia na Kasenyi kwa mtaji wake mwenyewe, bila deni kubwa wala mfanyakazi, hana deni la kukingwa. Sheria inamruhusu kubaki na patente ya biashara ndogo. Kuna pia hadhi ya entreprenant, iliyowekwa na OHADA Desemba 2010: mtu anatoa tangazo kwenye rejista bila malipo, anapewa namba, na haandikishwi kama mfanyabiashara kamili. Ni hatua nzuri ya katikati, lakini inazungumziwa kidogo sana ofisini.

Anayefaa kufikiria SARL ni yule anayekidhi walau moja ya mambo haya: anachukua bidhaa kwa deni linalozidi uwezo wake wa kulipa bila kuuza nyumba, ana mwenzake aliyeweka pesa, anaomba kazi za mgodi, za serikali au za mashirika, au ana warithi ambao huenda hawatasikilizana. Na awe tayari kwa nidhamu yake: akaunti ya benki ya peke yake, daftari la kuingia na kutoka, mkutano wa washirika walau mara moja kwa mwaka, na risiti kwa kila kinachowezekana.

Upande wa serikali, kazi iliyobaki ni kubwa kuliko kufungua madirisha ya kuandikisha. Ada zibandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu anaziona, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Ofisi za taifa na za mkoa zikubaliane nani anatoza nini, ili kampuni yenye RCCM isiwe ndiyo inayotembelewa kila wiki huku isiyo na karatasi ikiachwa. Na vizuizi vya RN27 na RN4 viondolewe. Mradi pesa ya biashara inaendelea kulipwa kichakani bila risiti, watu watakuwa na sababu nzuri ya kubaki na vibao vya "Ets" na kuficha daftari.

Mpaka hapo, anayekwenda kuandikisha kampuni abebe swali moja mbele ya kila karatasi anayopewa, iwe ya benki, ya muuzaji au ya statuts: hapa ninaifunga kampuni, au ninajifunga mimi na nyumba yangu? Kama hakuna anayeweza kumjibu wazi, asisaini siku hiyo.